Dakika Kumi za Kurudi Nyuma

Saa mbili usiku, nikiwa Kisumu, nilikata mawasiliano ya kliniki moja ndogo ya Karungu kwa mstari mmoja wa maandishi. Nilikuwa nabadilisha anwani ya ruta yao, ile mashine inayoamua data ipite njia gani. Nilipaswa kuweka njia mpya kwanza, halafu nifute ya zamani. Nikaanza na kufuta. Skrini ikaganda. Yaani nilikuwa nimekalia tawi lile lile nililokuwa nalikata.

Kesho yake ilikuwa siku ya wagonjwa wanaochukua dawa kila mwezi, na rekodi zao zilikuwa kwenye seva ya Kisumu. Aliyekuwa pale usiku huo ni mlinzi peke yake, mzee ambaye hakuwahi kuigusa mashine ile. Nikampigia simu.

“Oimore, jaduong'. Ni mimi fundi wa Kisumu. Kuna kisanduku cheusi ukutani, kina taa za kijani. Unakiona?”

“Nakiona. Kwani umekifanya nini?”

“Nimekosea kidogo. Tafadhali chomoa waya wake wa stima, hesabu mpaka thelathini, kisha uurudishe.”

Akahesabu kwa sauti, kwa Kijaluo, bila kuruka hata moja. Baada ya dakika chache kliniki ikarudi hewani.

“Kumbe ni hivyo tu,” akasema.

Hiyo “hivyo tu” ina historia ndefu.

Karungu imekuwa mbali na wanaoiamulia mambo tangu zamani. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, bandari za ziwa ziliunganishwa na meli za mvuke kama Winifred. Barua ya amri ikisafiri kwa meli na kosa ndani yake, masahihisho yalingoja meli nyingine. Mkonga wa baharini ulipofika Mombasa mwaka 2009, na minara ikazidi kusambaa bara, amri ilianza kufika Karungu kwa kufumba na kufumbua. Kosa nalo likafika kwa kasi hiyo hiyo. Kilichobaki polepole ni miguu ya mtu wa kwenda kulirekebisha.

Tatizo hili waliliona hata waanzilishi. Mwaka 1969, kampuni ya BBN ya Marekani ilijenga mashine za kwanza za kupitisha data katika mtandao wa ARPANET. Zilikuwa kubwa kama kabati, na ziliwekwa katika vyuo na taasisi zilizo mbali na wahandisi wake. Kwa hiyo ziliundwa zijiwashe upya zenyewe, na mashine iliyoharibikiwa na programu yake iliweza kupakiwa nakala kutoka kwa mashine jirani kupitia laini ile ile ya mawasiliano. Ni kama mama anayeenda kwa jirani kuomba moto, jiko lake likizimika.

Kampuni ya Cisco, iliyoanzishwa California mwaka 1984, ilieneza desturi nyingine: ruta kuwa na nakala mbili za mpangilio wake. Moja ndiyo inayofanya kazi sasa hivi, nayo hukaa kwenye kumbukumbu inayofutika stima ikikatika. Nyingine imehifadhiwa mahali pasipofutika, na ndiyo inayosomwa mashine ikiwashwa. Usipohifadhi mabadiliko yako, kuzima na kuwasha kunarudisha ya jana. Ndiyo maana hesabu ya mzee wetu iliniokoa: nilikuwa sijahifadhi.

Mafundi wakageuza jambo hilo kuwa ujanja. Kabla ya kugusa kitu cha hatari, unaiambia ruta ijiwashe upya baada ya dakika kumi. Kazi ikienda vizuri, unafuta amri hiyo na kuhifadhi. Ukijifungia nje, unakunywa chai na kungoja. Ubaya wake ni kwamba mashine nzima inazimika, na walio upande wa pili wanakatikiwa pia.

Juniper, kampuni iliyoanza mwaka 1996, iliuingiza ujanja huo ndani ya programu yenyewe. Kwenye ruta zao, unayoandika hayafanyi kazi mpaka uyaidhinishe, na unaweza kuyaidhinisha kwa masharti: usipothibitisha tena ndani ya dakika kumi, ruta inarudi yenyewe kwenye mpangilio wa awali, bila kuzimika. MikroTik ya Latvia, ambayo mafundi wengi wa huku kwetu wanaijua kwa sababu bei yake si ya kutisha, ina hali ya usalama inayowashwa kwa kubonyeza Ctrl na X. Mawasiliano yako na ruta yakikatika kabla hujaitoka hali hiyo, uliyoyabadilisha yanafutwa.

Wazo lililo chini ya njia hizi zote ni moja. Mtu akikosea akiwa mbali, uwezo wa kurekebisha unamtoka saa ile ile anapouhitaji. Basi ruhusa ya kurudi nyuma lazima itolewe mapema, na ipewe mashine, maana ndiyo itakayobaki pale. Ukimya wa fundi uhesabiwe kuwa “hapana”.

Wakubwa nao hujifunza kwa machungu. Tarehe 4 Oktoba 2021, mafundi wa Facebook walitoa amri wakati wa matengenezo ya kawaida, na programu iliyotakiwa kuizuia amri hiyo ikawa na kasoro. Vituo vyao vya data vyote vikatengana. Zana za kurekebishia zilitegemea mtandao ule ule uliokufa, kwa hiyo watu walilazimika kwenda wenyewe mpaka zilipo mashine. WhatsApp ilinyamaza karibu saa sita duniani kote, wachuuzi wa samaki pale Sori wakiwemo.

Nami nililipa karo yangu. Kliniki ilibadilisha ruta, ikaja aina inayohifadhi kila badiliko papo hapo. Nikakosea tena. Mzee akachomoa, akahesabu, akarudisha. Kimya. Mashine iliwaka ikiwa na kosa langu lile lile, limehifadhiwa salama salimini. Alfajiri nikapanda matatu kwenda Homa Bay, nikabadilisha, nikapita Rodi Kopany na Ndhiwa, nikafika saa sita mchana. Wagonjwa walikuwa bado kwenye benchi. Wengine walishaondoka bila dawa.

Kurekebisha kulinichukua dakika nne. Mama mmoja akaniuliza, bila hasira, “Sasa mwanangu, si ungejaribu hiyo kitu kabla ya leo?”

Sikuwa na jibu. Njia ya kurudi ilikuwepo ndani ya kisanduku kile, vitufe viwili tu, na mimi sikuibonyeza kwa sababu nilikuwa na uhakika.

Siku hizi siguswi na uhakika wangu. Nachukua nakala ya mpangilio kwanza, naweka dakika kumi, na sifanyi kazi usiku wa kuamkia siku ya dawa. Halafu nampigia mzee kumjulisha.

“Nihesabu?” huwa ananiuliza.

“Bado, jaduong'. Lakini kaa karibu.”