Kimelea Kilichodhaniwa Kala-azar

Kitui iko kwenye historia ya tiba kwa sababu ya kala-azar. Baada ya mlipuko wa 1952 na 1953, mtafiti R. B. Heisch alikuja kuufuatilia, na uchunguzi ukaishia kwenye vichuguu vya mchwa, makao ya usubi wanaoeneza ugonjwa huo. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo historia hii nimejisomea tu, na kilichonishika ni kipande chake cha Tunis.

Huko, mwaka 1908, Charles Nicolle na Louis Manceaux walipata kimelea ndani ya gundi, mnyama mdogo kama panya. Wakadhani ni cha jamii ya kala-azar. Mwaka uliofuata wakakubali ni kingine kabisa, wakakiita Toxoplasma gondii. Ilibidi kungoja hadi 1939 ndipo Wolf, Cowen na Paige, New York, wakaonyesha kwamba mama humwambukiza mtoto akiwa tumboni.

Kala-azar hujitangaza: wengu huvimba, tumbo linaonekana. Tokso haina hizo. Mama akiipata kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito, huenda asihisi chochote, ama homa ndogo tu ambayo huku kila mtu ataiita malaria. Mimba inaweza kutoka. Mtoto anaweza kuzaliwa na kichwa kilichojaa maji, ama azaliwe mzima kabisa halafu macho yaanze kumsumbua miaka baadaye. Sasa nani atakumbuka ile homa?

Na mazingira yetu yanakifaa kimelea hiki. Paka analinda ghala la ndengu, kinyesi chake kinabaki kwenye udongo, mbuzi anakula hapo, nasi tunamla mbuzi. Si ati paka afukuzwe. Yeye hutoa mayai ya kimelea kwa wiki moja au mbili hivi, kwa kawaida anapoambukizwa mara ya kwanza. Nyama iive vizuri, mboga zioshwe, na mjamzito asiguse mchanga wa paka.

Kliniki ya wajawazito hupima damu, kaswende, virusi vya ukimwi na mkojo. Tokso haimo kwenye orodha ya kawaida. Ufaransa ilianza mpango wake wa kitaifa 1978, na leo mjamzito ambaye hajawahi kuambukizwa hupimwa kila mwezi. Hiyo ni pesa nyingi, siidai. Ninachodai ni kidogo: mtoto akizaliwa Kitui na kichwa cha maji, yeye na mamake wapimwe tokso, na jibu liandikwe kwenye kile kijitabu cha kliniki.