Miaka 100 baada ya Sarahani, Pemba bado yasubiri jukwaa

Mwaka huu wa 2026 ni wa 100 tangu alipofariki Sarahani bin Matwar, malenga wa Pemba aliyezaliwa 1841. Kumbukumbu hiyo ina hatari ya kupita kimya. Muziki wa visiwani ukitajwa, macho huelekea Ngome Kongwe, Unguja, ambako tangu 2004 tamasha la Sauti za Busara hukusanya wanaochanganya ngoma za asili na mapigo mapya, wakashangiliwa kama wavumbuzi.

Historia ya Unguja inajulikana: Sultani Barghash na muziki wa Misri, kikundi cha taarabu cha Ikhwan Safaa mwaka 1905, mwimbaji Siti binti Saad na santuri za Bombay mwaka 1928. Ya Pemba haina budi kuanzia kwenye upepo.

Aprili 1872 kimbunga kiliishukia Unguja. Kiling'oa mikarafuu, kikabomoa nyumba na kuvunja vyombo bandarini, hata merikebu za Sultani mwenyewe. Pemba ikasalimika. Karafuu ilipoadimika bei ilipanda, na mashamba ya Pemba yakatanuka kwa jasho la watumwa, hadi kisiwa kilichokuwa nyuma kikawa mzalishaji mkuu. Tangu hapo vuno likawa ndiyo kalenda ya Mpemba. Karafuu zikishauzwa, deni hulipwa, harusi hufungwa, na harusi haiwi bila ngoma.

Kimbunga kilipopita, Sarahani alikuwa na miaka kama 31. Malenga mwenziwe, Ali bin Said Jahadhmy, maarufu Kamange (1830–1910), alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima. Kitabu cha Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdalla El-Maawy, kilichohaririwa na Abdilatif Abdalla na kuchapishwa 2011, kinawarudishia wawili hao heshima yao. Zama zao shairi halikuandikwa lifungiwe sandukuni. Liliimbwa, likasikika, na aliyeguswa akatakiwa ajibu kwa vina na mizani ile ile.

Makali hayo ya ulimi yamo pia katika kibati, ngoma ya Pemba. Ngoma zikilia, watu hutupiana maneno ya papo kwa papo, kwa kasi isiyompa mzito wa fikra nafasi ya kupumua, na wachezaji hupokea kiitikio. Asiye na jibu huchekwa. Nionyesheni muziki wa majaribio ulio jasiri kuliko huo!

Hata hivyo, sifa bado huelekea Unguja. Mwaka 2020 Siti Muharam, kitukuu cha Siti binti Saad, alitoa albamu iliyoivisha taarabu sauti za leo, nayo ikasifiwa ng'ambo. Ni jambo jema. Lakini jina lililo kwenye jalada ni la Unguja.

Wenye mamlaka ya utamaduni wana miezi kadhaa mbele yao. Usiku mmoja Wete au Chake Chake, kibati upande huu na vijana wa magitaa upande ule, haugharimu kama semina moja ya hotelini.