Muuza Nyama ya Paka wa London na Siri ya Taurini

Katika mitaa ya London ya karne ya 19, paka walimtambua muuza nyama yao kabla hajafika mlangoni. Alipita na toroli au kikapu huku akinadi, nao wakatoka vibarazani na vichochoroni kumfuata. Alichouza ni nyama ya farasi waliochakaa kwa kuvuta mikokoteni. Walichinjwa, nyama ikachemshwa, ikakatwa vipande na kutungwa kwenye vijiti kama mishikaki. Kipande kidogo kilipatikana kwa nusu peni. Henry Mayhew, mwandishi aliyechapisha mwaka 1851 uchunguzi wake kuhusu wachuuzi na vibarua wa jiji hilo, alikadiria kuwa London ilikuwa na paka wapatao 300,000, na wachuuzi hao akawapa nafasi yao kitabuni.

Wachuuzi wale walikuwa wakifanya jambo sahihi bila kujua sababu yake. Wala madaktari wa wanyama wa enzi hizo hawakuijua.

Biashara hiyo ilififia taratibu chakula cha makopo kilipoenea. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Marekani ilibana matumizi ya bati, na viwanda vikageukia chakula kikavu. Miaka ya 1950 zikaja mashine za kupika unga wa nafaka na nyama kwa mvuke na shinikizo, kisha kuutoa ukiwa punje. Kwa mwenye paka ilikuwa nafuu kubwa: fungua mfuko, mimina, nenda kazini. Paka naye akazidi kufungiwa ndani, asiwinde tena. Panya au ndege aliyekuwa akiziba pengo la mlo mbovu akawa hayupo.

Shida ilionekana kwanza machoni. Mwaka 1975, K. C. Hayes na wenzake huko Marekani walieleza kwamba paka waliolishwa mlo ambao protini yake ilikuwa kaseini, yaani protini ya maziwa, waliharibika retina. Kilichokosekana katika damu yao ni taurini. Hiyo haikuwa kemikali mpya: Wajerumani Tiedemann na Gmelin waliipata kwenye nyongo ya ng'ombe mwaka 1827, na kwa karibu miaka 150 haikuonekana kuwa na uzito wowote katika lishe ya paka. Mwili wa mbwa kwa kawaida hujitengenezea taurini ya kutosha. Wa paka hutengeneza kidogo mno, na kila siku ini lake huitumia kuandaa nyongo, ambayo sehemu yake hupotea na choo. Lazima aipate kwenye nyama au samaki, kwa kuwa nafaka na mboga karibu hazina kabisa. Ndiyo maana paka aliyezoeshwa chakula cha mbwa aliweza kupofuka.

Upofu huo huingia kimyakimya. Paka anayeijua nyumba yake hupita kati ya viti bila kugonga chochote, hurukia dirisha lilelile na kulala palepale. Mwenye paka hushtuka siku sofa inapohamishwa.

Baada ya hapo viwanda vilianza kuongeza taurini, ila haikutosha. Mwaka 1987, Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha habari za paka 21 ambao mioyo yao ilikuwa imetanuka na kulegea, na wote walikuwa na upungufu wa taurini katika damu. Walikuwa wakila chakula cha dukani, kile kilichoaminika kuwa kamili. Hadi wakati huo ugonjwa huo ulihesabiwa kama hukumu ya kifo. Walipopewa taurini, waliovuka wiki za mwanzo walipata nguvu tena, na picha za ultrasaundi zikaonyesha misuli ya moyo ikikaza kama zamani. Ni tukio linalostahili kukumbukwa katika historia ya tiba ya paka. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba upishi wa moto mkali wa makopo huwapa bakteria wa utumbo nafasi ya kuharibu taurini zaidi, hivyo cha kopo kinahitaji kiasi kikubwa kuliko kikavu. Viwanda vikarekebisha viwango, na ugonjwa huo ukawa adimu.

Pwani ya Afrika Mashariki, paka wa diko la Lamu au la Unguja anayegombea vichwa na matumbo ya samaki hana haja ya kopo lolote kwa upande wa taurini. Wa kuangaliwa ni yule wa ghorofani Dar es Salaam au Nairobi, anayeshinda ndani na kulishwa ugali uliolowekwa mchuzi. Dagaa humsaidia, ila taurini huyeyuka majini: dagaa wakichemshwa na maji yakamwagwa, sehemu kubwa huenda na maji hayo. Afadhali supu ile imiminwe juu ya chakula chake, bila chumvi wala kitunguu, maana kitunguu huharibu damu ya paka.

Paka anayehema kwa shida akiwa amelala, au ambaye mboni zake hubaki wazi hata kwenye mwanga, apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Moyo uliodhoofika kwa kukosa taurini huweza kurudi. Retina iliyokwisha kufa hairudi.