Uani Kabla ya Chekechea
Kariakoo ya Dar es Salaam, iliyopata jina kutokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, ilikuwa mitaa ya nyumba za Kiswahili: vyumba pande mbili, ukumbi katikati, ua nyuma. Humo uani ndimo alimobaki mtoto wa mchuuzi, mama yake akienda sokoni. Bibi anapepeta mchele, jirani anapuliza jiko la mkaa, mpangaji anafua, macho hayakosi. Ubora wa malezi hayo haukuwa kuta, ulikuwa wingi wa mashahidi.

Atakayepinga atasema uani palikuwa na moto, choo cha shimo na surua ya kuambukizana. Ni kweli, na usajili wa vituo vya kulelea watoto, uliodaiwa na sheria ya 1981 na baadaye Sheria ya Mtoto ya 2009, una maana yake. Lakini cheti kilichotundikwa ukutani hakimwangalii mtoto. Sasa maghorofa yamemeza nyua nyingi, hivyo mzazi akague vyote viwili: usajili, na idadi ya watu wazima wanaomwona mwanawe. Kituo kinachomzuia mzazi kuingia bila kutoa taarifa, hakifai.