Kilomita 40 kwa Lita: Historia ya Namba Isiyofika Barabarani

Desemba 2011 Toyota ilizindua huko Japani gari dogo la haibridi, la petroli na umeme, liitwalo Aqua. Gari lilikuwa moja na injini moja, lakini lilitoka na takwimu mbili za ulaji wa mafuta: kilomita 40.0 kwa lita, na kilomita 35.4 kwa lita. Zote mbili zilikuwa rasmi, na hapakuwa na udanganyifu wowote. Namba kubwa ilitokana na kipimo cha zamani kilichojulikana kama 10-15, na ndogo ilitokana na kipimo kipya, JC08, kilichokuwa kinachukua nafasi yake. Leo Aqua zimejaa Nairobi na Dar es Salaam. Waulize wenye nazo zinakwenda kilomita ngapi kwa lita, uone ni wangapi watakutajia hata hiyo ndogo.

Pengo hili kati ya karatasi na barabara lina umri mrefu, na ukilifuatilia hadi chanzo chake utafika Marekani.

Kabla serikali haijaingilia kati, kubana mafuta ulikuwa mchezo. Mwaka 1936 kampuni ya mafuta ya Gilmore ya California iliandaa mashindano ya magari kutoka Los Angeles hadi bonde la Yosemite. Mshindi hakuwa wa kwanza kufika. Alikuwa yule ambaye gari lake lilikunywa mafuta kidogo zaidi. Mashindano hayo, yaliyokuja kuchukua jina la Mobilgas, yalisimama wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, yakarudi, na kufa mwaka 1968. Kampuni za magari ziliyapenda kwa sababu matokeo yake yalifaa matangazo. Tatizo ni kwamba nyuma ya usukani walikaa madereva mahiri, watu waliojua kugusa pedali ya mafuta kwa upole wa ajabu. Mnunuzi wa kawaida, mwenye haraka zake na watoto wanaopigana kiti cha nyuma, hakuwa na mguu wa namna hiyo.

Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zilikata mafuta kwa Marekani, na foleni zikajipanga kwenye vituo. Ghafla kila mtu alitaka kujua gari lipi linakula kidogo. Shirika la serikali la mazingira, EPA, tayari lilikuwa na kipimo mkononi, ila kilitengenezwa kwa kazi nyingine kabisa: kupima moshi. Kilifuata mwendo wa magari katika mitaa ya Los Angeles, wa kusimama na kuondoka, wastani wa kilomita 31 hivi kwa saa. Kwa barabara kuu kikaongezwa kipimo cha pili, chenye wastani wa kilomita 78 kwa saa, na hakuna mahali kilipozidi 97. Kipimo cha moshi kikageuzwa kuwa kipimo cha mafuta, na kwa maoni yangu hapo ndipo kisa chote kilipoanzia.

Desemba 1975 Rais Gerald Ford alitia saini sheria iliyozitaka kampuni zifikishe wastani wa maili 27.5 kwa galoni, sawa na kilomita 11.7 kwa lita, ifikapo mwaka 1985. Namba ikawa sheria. Wenye magari nao wakaanza kulalamika kwamba wanachokiona kwenye kibandiko cha dukani hawakioni kituoni. EPA iliwasikiliza: kuanzia magari ya mwaka 1985 ilipunguza takwimu ya mjini kwa asilimia 10 na ya barabara kuu kwa asilimia 22. Ilipunguza kwenye kibandiko tu. Kwa ajili ya kuzihukumu kampuni kisheria, zile namba nono za zamani ziliendelea kutumika. Mteja akapewa hesabu moja, kiwanda kikapewa nyingine. Ilichukua hadi magari ya mwaka 2008 kwa kibandiko kuanza kuhesabu mwendo mkali, kiyoyozi na baridi ya asubuhi.

Gari hupimwaje hasa? Linaingizwa katika chumba cha maabara na magurudumu yake yanakalishwa juu ya rola za chuma. Dereva anakaa ndani, macho kwenye skrini yenye mstari unaopanda na kushuka, na kazi yake ni kuufuata mstari huo kwa mguu. Magurudumu yanazunguka, gari haliendi popote. Bomba la moshi limefungwa mpira mnene unaobeba moshi wote hadi kwenye mashine. Hakuna anayechungulia tanki. Mashine inapima kaboni iliyotoka kwenye moshi, na kutokana na kaboni hiyo inakokotolewa petroli iliyoungua. Njia hii ni sahihi kuliko kutegemea geji ya mafuta.

Lakini rola hazina upepo wala lami. Ugumu wa kuzizungusha hupangwa kwa jaribio jingine la nje: gari linakimbizwa kwenye barabara iliyonyooka, gia inawekwa huru, linaachwa lijiendee lenyewe huku mwendo ukipungua. Muda linaochukua kupunguza mwendo ndio unaoiambia maabara gari hilo linasumbuliwa kiasi gani na upepo na matairi yake. Jaribio hilo kwa kawaida hufanywa na kiwanda chenyewe, na kashfa kubwa za mafuta zimezaliwa hapo.

Novemba 2012 Hyundai na Kia zilikiri kwamba takwimu za magari yapatayo 900,000 yaliyouzwa Marekani zilikuwa zimetiwa chumvi. EPA ilikuwa imeyapima upya baada ya malalamiko ya wenye magari. Kampuni hizo zilianza kuwarudishia wateja fedha za mafuta waliyonunua zaidi ya walivyoahidiwa, na mwaka 2014 zikakubali faini ya dola milioni 100. Aprili 2016 ikawa zamu ya Mitsubishi. Nissan, iliyokuwa ikitengenezewa magari madogo na Mitsubishi, ilipima yenyewe na kuona hesabu hazikubaliani. Ikabainika kwamba magari 625,000 yalikuwa na takwimu zilizochezewa, na kwamba njia ya jaribio la nje isiyofuata sheria ilikuwa imetumika tangu 1991. Rais wa kampuni, Tetsuro Aikawa, alijiuzulu. Kabla mwaka haujaisha, Nissan ilikuwa imenunua asilimia 34 ya Mitsubishi.

Hata hivyo, udanganyifu ni sehemu ndogo ya habari hii. Sehemu kubwa ni uhalali. Kipimo cha Japani cha 10-15, kilichoanza mwaka 1991, kilikuwa na wastani wa kilomita 22.7 kwa saa, hakikupita kilomita 70, na injini iliingia ikiwa imeshapata moto. Karibu theluthi moja ya muda gari lilikuwa limesimama. Kwa gari la haibridi, linalozima injini likisimama, hiyo ilikuwa neema. Viwanda vilijua maswali yatakayoulizwa na vikatengeneza magari ya kuyajibu, kama mwanafunzi anayekariri mitihani iliyopita.

Ulaya ilikuwa na kipimo chake, NEDC, kilomita 11 ndani ya dakika 20. Sehemu yake ya mjini ilirithiwa kutoka mwaka 1970, na ndani yake gari lilipewa sekunde 26 kutoka kusimama hadi kilomita 50 kwa saa. Dereva wa daladala angeshushwa na abiria wake kwa uzembe huo. Kiyoyozi kilizimwa. Mwanzoni pengo lilikuwa la kuvumilika. Kisha mwaka 2009 Umoja wa Ulaya ukaweka kikomo cha hewa ya ukaa kwa magari mapya, na nchi nyingi zikawa zinatoza kodi kwa kuangalia namba hiyohiyo. Kila gramu ikawa na bei. Taasisi ya utafiti ya ICCT, ikilinganisha takwimu rasmi na kumbukumbu za madereva wenyewe, ilikuta pengo limekua kutoka asilimia 9 hivi kwa magari ya mwaka 2001 hadi 42 kwa yale ya 2015. Magari hayakuwa mabovu zaidi; yalikuwa yamezidi kubobea katika mtihani.

Septemba 2015 kashfa ya moshi wa dizeli wa Volkswagen ikawaamsha wanasiasa. Kipimo kipya, WLTP, kilianza Ulaya mwaka 2017: kirefu zaidi, kinachofika kilomita 131 kwa saa. Kuanzia 2021 magari mapya ya huko yanabeba kifaa kinachoandika mafuta yanayotumika kweli, na ripoti ya Tume ya Ulaya ya mwaka 2024 ikaonyesha kwamba magari ya petroli na dizeli bado yanakula takriban asilimia 20 zaidi ya takwimu rasmi. Haibridi za kuchaji kwenye umeme zilitia aibu: mara tatu na nusu zaidi, kwa sababu wengi hawazichaji inavyodhaniwa.

Haya yote yanatuhusu, maana barabara zetu ni makaburi ya vipimo vya Japani. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane, kwa hiyo kinachoshuka Mombasa ni mali ya JC08 na kipimo kilichofuata, WLTC. Tanzania hutoza gari kuukuu ushuru zaidi bila kulizuia, ndiyo maana Vitz, IST na Passo zilizopimwa kwa 10-15 bado zinabadilisha mikono. Mtandaoni, muuzaji anainakili takwimu ya kiwandani bila kusema ni ya kipimo gani. Gari lililopimwa na matairi mapya, bila kiyoyozi, linakuja kuishi kwenye foleni ya Ubungo, Dar es Salaam, saa kumi na moja jioni, kiyoyozi juu, plagi zimechoka na upepo wa matairi haujaangaliwa tangu sikukuu.

Ukienda yadi, muulize muuzaji namba yake ni ya 10-15, JC08 au WLTC, na ulinganishe magari ya kipimo kimoja tu. Ukishalinunua, achana na namba yake. Jaza tanki hadi pampu ikatike yenyewe, andika kilomita, tembea wiki nzima kama kawaida yako, kisha jaza tena kituo kilekile na ugawe kilomita ulizotembea kwa lita zilizoingia. Namba utakayoipata ndiyo ya kupangia bajeti.