Mgeni Aliyebisha Hodi kwa Kiswahili

Wengi wetu tuliosomea visiwani hudhani kwamba Shakespeare aliletwa na mtaala wa sekondari. Historia yasema vingine. Mwaka 1867 Edward Steere, mmishonari wa Kianglikana, alichapisha hapa Unguja kijitabu kiitwacho Hadithi za Kiingereza. Humo alitia hadithi alizozitoa katika kitabu cha Charles na Mary Lamb, ndugu waliozigeuza tamthilia za Shakespeare kuwa masimulizi ya watoto. Mgeni huyo, basi, alibisha hodi kwa Kiswahili.

Shule ndiyo iliyombadilisha sura. Zama za ukoloni mitihani ya sekondari za Afrika Mashariki ilitoka Cambridge, na fasihi ya Kiingereza ikawa mojawapo ya mizani za kumpima nani apande na nani abaki. Aliyekariri alipata alama, hata kama maana ilimpita kando.

Julius Nyerere alilijibu jambo hili kwa kalamu. Tafsiri yake ya Julius Caesar ilitoka mwaka 1963, akaisahihisha na kuitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo akatoa Mabepari wa Venisi. Litazame jina hilo, ewe msomaji. Mfanyabiashara wa Shakespeare ni mmoja. Wa Nyerere ni wengi, tena ni mabepari, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Hapo mfasiri si mkalimani tu, bali ni msomaji mwenye hukumu yake.

Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe katika chuo kikuu cha Nairobi, na fasihi ya Afrika iwekwe katikati. Baadaye Achebe naye akaingia madarasani. Vitabu vikabadilika; lugha ya somo ikabaki ileile. Riwaya yake ya kwanza, ambayo Clement Ndulute aliifasiri mwaka 1973 kwa jina la Shujaa Okonkwo, wanafunzi wa Tanzania waliendelea kuitahiniwa kwa Kiingereza.

Mimi darasa nililiacha mapema. Tulipewa muhtasari wa kukariri. Kitabu chenyewe sikukitia machoni. Kiingereza nilifundishwa miaka ya baadaye na vitabu viwili nilivyovilaza pamoja mezani: Mabepari na asili yake. Nilipokwama huku, kule kulinivusha. Na pale nilipomwona Nyerere ameiacha njia ya Shakespeare akashika yake, nilikaa nikajiuliza kwa nini. Swali hilo ndilo lililonifanya mfasiri.

Mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi kwa kazi alizoziandika kwa Kiingereza. Riwaya yake ya mwaka 1994, Paradise, ilitufikia kwa Kiswahili mwaka 2022, ikiitwa Peponi, kwa mkono wa Ida Hadjivayanis. Hadithi ya pwani ilingoja lugha ya pwani miaka 28.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisemi Kiingereza kifukuzwe shuleni. Naomba tu mwanafunzi apewe vitabu viwili juu ya dawati moja, kisha aulizwe: wapi vimeachana, na kwa nini?