Semeni wa Kizingitini (Sehemu ya Nne)

ILIPOISHIA: Alfajiri, gatini Pangani, Semeni, mbwa wa Maalim aliyefariki mtoni, amemng'ata Hamadi, mdogo wa marehemu. Hamadi anataka mbwa auawe kwa madai kwamba ana kichaa. Bwana mifugo amekataa: afungwe, aangaliwe siku 10. SASA ENDELEA...

Siku ya kumi iliangukia Ijumaa.

Bwana mifugo alikuja mapema, akachuchumaa chini ya mwembe na kumsogezea Semeni bakuli la maji. Mbwa akanywa yote, kisha akamtazama kama anayeuliza kama kuna mengine. Mwenye kichaa kumeza humshinda, udenda ukamtoka. Huyu hakuwa na udenda wala jicho jekundu.

"Mzima," akasema. "Angekuwa na ugonjwa siku ile aliyong'ata, leo tungekuwa tumeshamzika."

"Nimzike mbwa!" Hamadi akaguna barazani, mguu umefungwa bendeji.

Bi Tunu, mjane wa Maalim, alisikia yote akiwa nyuma ya pazia. Mwezi wa tatu huu alikuwa edani, na bado mmoja na siku kumi. Tangu Semeni afungwe, mji mzima ulikuwa umejadili meno ya Semeni, kidonda cha Hamadi na sindano za Hamadi. Yeye alikuwa na swali moja tu, na hakumpata wa kumuuliza: Hamadi, muuza vitambaa ambaye tangu azaliwe hajapalilia hata tuta la muhogo, alikuwa anavuka kwenda Bweni alfajiri na jembe begani kufanya nini?

"Mfungueni," akasema.

Semeni hakuruka wala hakucheza. Alijinyoosha, akashika njia ya kivukoni. Mabaharia wa pale walimzoea; hakuna aliyewahi kumdai nauli.

Hapa lazima niwarudishe nyuma kidogo, kwa ajili ya waliokosa toleo la kwanza. Maalim alimfuga Semeni shambani Bweni, alinde mihogo dhidi ya nguruwe pori. Hilo sheria inaruhusu: mbwa wa shamba, wa mifugo na wa kuwindia. Watu hawakuacha kunong'ona kwa sababu hiyo, na ndiyo maana Maalim akampa jina hilo, ili kila akimwita wajijue. Nyumbani mbwa hakuingia hata mara moja. Kila Ijumaa Maalim alipoketi kusoma Suratul Kahf, Semeni alikuja akalala nje ya kizingiti, mikono mbele, kichwa juu yake.

Rajabu, mjukuu, ndiye aliyeuliza siku moja kwa nini mbwa ametajwa ndani ya Kurani ilhali hapa mjini anapigwa mawe. Maalim alicheka sana. "Kadhi wangu," alimwambia, maana hakuna mwingine aliyemwita hivyo, "hesabu basi. Watu wamebishana kuhusu wale vijana wa pangoni. Wengine wanasema watatu, wa nne mbwa wao. Wengine watano, wa sita mbwa. Wengine saba, wa nane mbwa. Idadi ya watu wameshindwa kukubaliana. Mbwa, je, kuna aliyemsahau?"

Rajabu alihesabu kwa vidole. Hakuna.

Miaka 300 na 9 juu yake, na mlinzi hakuondoka mlangoni. Mimi binafsi sijui ibada gani inashinda hiyo ya kukaa mlangoni pasipo kualikwa ndani. Tena mlinzi yule hakuwa akilinda maiti. Wale walikuwa wamelala tu.

Baada ya swala ya alasiri Semeni alirudi. Alisimama kwenye kizingiti, akatema kitu miguuni mwa Bi Tunu.

Kubazi. La mguu wa kulia, gidamu yake imeshonwa kwa uzi wa katani. Bi Tunu aliishona mwenyewe.

Hamadi alikuwa ameapa mbele ya wazee kwamba alimwona kaka yake akipanda mtumbwi usiku ule, makubazi miguuni, na mtumbwi ukapinduka. Maiti iliopolewa siku ya tatu karibu na mdomo wa mto, imeharibika, miguu mitupu. Ikasemwa viatu vimechukuliwa na maji. Sasa hili hapa: gidamu imekauka, na kwenye soli udongo mwekundu wa Bweni, umeshikana kama ulifinyangwa jana.

Hamadi aliinuka kabla mguu haujamruhusu.

"Shemeji, hilo ni najisi! Limetoka mdomoni mwa mbwa. Lioshwe mara saba, moja kwa udongo. Lete nilioshe mimi."

Sheikh, aliyekuja kumjulia hali mjane, aliitikia kwa kichwa; hukumu ni hiyo, wala hakuna wa kuipinga. Lakini Bi Tunu hakuwa mtoto. Maji mara saba, na udongo wa Bweni ungekwenda mtaroni pamoja na udenda.

"Litaoshwa," akasema, akilifunika kwa kawa. "Si leo." Kisha akamgeukia mgeni. "Sheikh, wewe ndiye uliyemwosha mume wangu, na hukumruhusu mtu mwingine kufunua sanda. Nieleze ulichokiona."

Uso wa Sheikh ulibadilika. Alitazama tasbihi yake, akamtazama Hamadi, akarudi kwenye tasbihi.

"Mwosha maiti hasemi alichokiona, Bi Tunu."

"Najua. Na mwosha huoshwa, Sheikh."

Mzee yule alisimama, akavaa viatu vyake kinyume, cha kushoto kulia, akaondoka bila kuaga.

Eda haikumruhusu Bi Tunu kuvuka mto. Alimwita Rajabu uani. "Mume wangu," akamnong'oneza, kwa utani wao wa siku zote, ila leo sauti haikuwa ya utani, "mfuate huyu mbwa. Akikaa, kaa. Akichimba, tazama." Kisha akapaza sauti kuelekea barazani: "Shemeji, usiondoke, kahawa inakuja! Na halua ipo."

Hamadi hangeweza kukataa kahawa ya mjane mbele ya majirani. Akakaa.

Jua lilikuwa limeegemea minazi Rajabu alipoteremka Bweni. Semeni alitangulia, akipita njia ya mikorosho, mara akisimama kumngoja. Hawakwenda kwenye kibanda cha Maalim. Walikipita, wakapita na kisima, wakaingia kichaka ambacho Rajabu hakuwahi kuruhusiwa kukikaribia. Ndani yake palikuwa na majivu ya moto. Aliyagusa. Yalikuwa ya moto bado. Kando yake, kubazi la kushoto.

Tawi likavunjika nyuma yake. Mtu alikuwa amesimama kati ya miti, jembe mkononi, jua mgongoni, uso hauonekani. Rajabu akamgeukia Semeni, akitaraji kusikia muungurumo ule aliousikia kila Hamadi alipopita.

Semeni alikuwa anatikisa mkia.

"Kadhi wangu," ikasema sauti, "umekuja na nani?"

ITAENDELEA WIKI IJAYO